Kuhama Dar es Salaam kwa Ajili ya Kazi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kwenda Shinyanga na Geita

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, wanandoa na vijana wa Dar es Salaam na ndugu waliohamia Kanda ya Ziwa)



Tumeombwa tueleze habari ya kuhama jijini kwenda mikoani kutafuta riziki, na hasa kwenda Shinyanga, Kahama na Geita, kwani kila mwezi hapakosi kijana katika jamaa zetu anayepata barua ya kuitwa kazini huko. Sisi tunaosema nanyi ni watu tuliozoea Kariakoo, Temeke na Mbagala, kisha kazi ikatupeleka kule. Wengine wetu wamo migodini, wengine ni walimu na wauguzi waliopangiwa vituo na Serikali, na wengine wamefuata biashara ya nafaka na vipuri. Hatukuja kuwasifia wala kuwatisha. Tumekuja kuwaambia namna mambo yalivyo, ili anayekwenda aende akiwa anajua.

Kwanza ifahamike kwamba jambo hili si geni. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamisha wizara zake kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, watumishi kwa maelfu walilazimika kujiuliza maswali haya haya: familia ibaki au ifuate, nyumba ipangishwe au iuzwe, watoto wasome wapi. Na kabla ya hapo sana, njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilifika Tabora, na watu wa pwani wakafanya makazi huko bara kwa ajili ya biashara. Wanyamwezi na Wasukuma nao walishuka pwani wakiwa wapagazi, na utani ulioko hadi leo baina ya Wazaramo na Wanyamwezi ni alama ya safari hizo. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikapita Shinyanga, nayo ikaleta makarani, mafundi na wachuuzi. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson akagundua almasi Mwadui, na watu wakaja kutoka kila upande. Kwa hiyo anayepanda basi leo pale Mbezi kwenda Kahama anafuata nyayo za wengi.

Lakini ardhi hiyo ina tabia yake. Shinyanga iko mbali na Dar es Salaam kwa karibu kilomita 1,000 za barabara. Gari hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, na pale Tinde njia hugawanyika, mmoja akashika ya Shinyanga na Mwanza, mwingine ya Isaka na Kahama. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imepunguza taabu ya nusu ya kwanza ya safari, ila kutoka Dodoma kwenda mbele bado ni barabara. Anayekwenda Geita kwa kupitia Mwanza alikuwa akisubiri kivuko baina ya Kigongo na Busisi, na kusubiri huko kuliweza kula saa kadhaa. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 limefunguliwa hapo, na magari huvuka kwa dakika chache. Yaelezeni haya kwa wazazi wenu, maana mzazi anayedhani mwanawe yuko jirani tu humkasirikia asipofika mazikoni siku hiyo hiyo.

Mkoa wa Geita wenyewe ni mchanga. Uliundwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Lakini dhahabu yake ni ya zamani, kwani ilichimbwa chini ya ardhi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, kisha mji ukalala. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu, ulioko upande wa Kahama, ulifuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Miji iliyokuwa na maduka machache ikapata mabenki, nyumba za wageni, na kodi za pango za kushangaza. Kahama leo imeupita mji wa Shinyanga kwa wingi wa watu, ingawa Shinyanga ndiyo makao makuu ya mkoa.

Mtu wa Dar es Salaam akifika Shinyanga huuliza maji kwanza, kwa sababu amesikia kwamba ni nchi kavu. Kweli ilikuwa na shida kubwa. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yanavutwa kutoka Ihelele wilayani Misungwi mpaka Kahama na Shinyanga, na maisha ya miji hiyo yamebadilika sana. Vijijini ukame bado ni mwalimu. Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga malisho waliyoyaita ngitili, wakayahifadhi kwa ajili ya kiangazi, na desturi hiyo ilipofufuliwa kuanzia mwaka 1986 katika mradi wa hifadhi ya udongo, miti ilirudi katika sehemu nyingi zilizokuwa jangwa. Tunalitaja hili kwa sababu baadhi yetu hufika na dharau, wakidhani wenyeji hawajui kitu, kumbe wao ndio waliojifunza kuishi na mvua chache.

Kuna mambo mawili ambayo Waislamu wanaohama husahau, na yanahusu saa na dira. Jua la Geita huzama baada ya la Dar es Salaam kwa karibu nusu saa, na la Shinyanga kwa dakika 20 na ushei, kwa kuwa miji hiyo iko magharibi zaidi. Anayefuturu kwa adhana ya redio inayorushwa kutoka Dar es Salaam anafuturu jua bado liko juu. Ratiba ya msikiti wa mahali ndiyo ya kufuatwa, na simu iwekwe mji sahihi. La pili ni kibla. Dar es Salaam iko karibu kusini hasa mwa Makka, ndiyo maana tumezoea kuelekea kaskazini. Ukiwa Geita, Makka iko kaskazini ikiinamia mashariki kwa nyuzi kama 17, na Shinyanga ni nyuzi kama 14. Tumeona vyumba vya kupanga ambamo mswala umetandikwa kaskazini tupu kwa mazoea ya pwani.

Sasa tuingie katika mkataba wa kazi, na hapa tunawaomba vijana wasikilize kwa makini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na miongoni mwa maelezo hayo ni mahali alikoajiriwa, yaani kule alikochukuliwa kabla ya kupelekwa kazini. Wengi hupita juu ya mstari huo kwa haraka, macho yakikimbilia mshahara. Mstari huo una thamani yake siku kazi inapokwisha. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mtu akiachishwa kazi mahali pasipokuwa pale alikoajiriwa, mwajiri atamsafirisha yeye na mizigo yake kumrudisha huko, au atalipa gharama za usafiri huo. Na akicheleweshwa, hulipwa posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri. Ikiwa umeajiriwa Dar es Salaam lakini karatasi inasema umeajiriwa Geita, umeipoteza haki hiyo kwa saini yako mwenyewe. Basi uliza kabla ya kutia saini. Kijana anayeona haya kuuliza atajigharimia lori la kurudi.

Uliza tena ni nani hasa mwajiri wako. Si kila anayefanya kazi ndani ya uzio wa mgodi ni mwajiriwa wa mgodi. Wako wakandarasi wa ulinzi, wa chakula, wa uchorongaji, wa magari, na mikataba yao na mgodi ina mwisho. Mkataba wao ukikatika, wa kwako hukatika nao.

Na migodi yenyewe ina umri. Buzwagi ulianza mwaka 2009 na ukamaliza uzalishaji mwaka 2021, yaani miaka 12 tu. Mtoto aliyezaliwa Kahama siku mgodi unafunguliwa alikuwa bado shule ya msingi, au ndiyo kwanza anaimaliza, siku unafungwa. Bulyanhulu nao, baada ya Serikali kuzuia usafirishaji wa makinikia Machi 2017, ulipunguza shughuli zake na watu kwa mamia wakaachishwa kazi, mpaka uchimbaji uliporejea baada ya makubaliano ya Serikali na Barrick. Mtu aliyekuwa amekopa kwa miaka 5 akijenga nyumba ya fahari, huku ajira yake ikitegemea jambo linaloamuliwa mezani na watu asiowajua, alijikuta na deni bila mshahara. Hatusemi watu wasijenge. Tunasema kwamba mtu wa mgodini apime mkopo wake kwa urefu wa mkataba alionao mkononi, wala si kwa urefu wa matumaini yake. Ikiwa mkataba ni wa miaka 2, mkopo wa miaka 5 unamlipia nani?

Tumefika penye jambo lililotuleta hapa, nalo ni familia.

Desturi iliyoenea ni kwamba mume huondoka peke yake "kwa muda", atazame mazingira, kisha amwite mkewe. Ni busara, na hakuna wa kuilaumu. Tatizo ni kwamba muda huo haupewi tarehe. Miezi 3 huwa 6, na 6 huwa miaka 2. Kazi ya mgodini kwa kawaida ni zamu ya saa 12, mchana au usiku, kwa siku kadhaa mfululizo, kisha mapumziko ya siku chache. Katika mapumziko hayo, kwenda Dar es Salaam na kurudi kwa basi hula karibu siku 2 nzima. Mwanzoni mume huja kila mapumziko. Baadaye anachoka, anasema nauli ni kubwa, anakuja kila baada ya mapumziko mawili, halafu anakuja Idi. Upweke unampata katika mji ambao una fedha nyingi na wanaume wengi walio mbali na kwao. Mwisho wake mnaujua. Panafunguliwa nyumba ya pili kwa siri, bila ndoa, au kwa ndoa ambayo mke wa kwanza anaisikia kwa majirani. Na fedha ya matumizi iliyokuwa ikifika Temeke tarehe 28 inaanza kufika tarehe 10, kisha nusu, kisha maneno.

Mke naye aliyebaki si kwamba amekaa raha. Yeye ndiye baba na mama. Mtoto akiugua usiku ndiye anayetafuta bajaji. Mashemeji wakija na shida huja kwake. Akilalamika huambiwa ashukuru, mumewe yuko kwenye dhahabu. Tumewasikia mama zetu wengi wakisema kwamba wanachokosa si fedha. Wanachokosa ni mtu wa kushauriana naye juu ya mtoto wa kiume aliyefikia miaka 14 na asiyesikia tena.

Rai yetu, na wazee wenye rai nyingine tutawasikiliza, ni hii. Kazi ikiwa ya mwaka 1 au chini, familia ibaki, lakini mume na mke waandikiane kabisa: anarudi lini, atatuma kiasi gani na tarehe gani, na nani ataamua jambo la dharura yeye akiwa zamu. Kazi ikizidi mwaka, familia ifuate, hata kama nyumba ya huko ni vyumba viwili na mke itambidi aache biashara yake ya Kariakoo. Tunajua kwamba hili la biashara ni zito. Mwanamke aliyejenga wateja kwa miaka 8 akiambiwa aache na kufuata mshahara wa mumewe, anaacha mali yake halisi. Basi mume asilifanye kama jambo dogo. Wapige hesabu pamoja: pengine biashara ihamie Kahama, ambako mchele unatoka na nguo za Dar es Salaam zinauzika, pengine ndugu yake aiendeshe kwa mgao ulioandikwa. Na ikiwa hesabu inaonyesha kwamba familia inapoteza zaidi ya inachopata, basi kazi hiyo ikataliwe. Yako mambo ambayo mshahara hauyafidii, na hakuna aibu kuirudisha barua ya ajira.

Jambo tunalolipinga ni hali ya tatu, ya kuning'inia, ambapo mtu hakuhama wala hakubaki.

Ndugu na jamaa nanyi mna sehemu yenu katika uzito huu. Mtu akisema anafanya kazi Geita, watu husikia dhahabu tu. Simu zinaanza: ada, harusi, bati, mtaji. Hawajui kwamba fundi magari wa mgodini haoni hata chembe ya dhahabu hiyo, kwamba mwenye nyumba huko anataka pango la miezi 6 au mwaka mzima mkononi kabla ya kutoa ufunguo, na kwamba mshahara wa mwalimu wa Geita ndio ule ule wa mwalimu wa Temeke. Mgodi wa ukoo haujagunduliwa bado.

Tuseme pia juu ya wenyeji. Ukanda huu una kumbukumbu ambazo mgeni hazijui. Agosti 1996 wachimbaji wadogo kwa maelfu waliamriwa kuondoka Bulyanhulu ili eneo likabidhiwe kampuni, na namna walivyoondolewa bado ni jambo lenye uchungu na ubishi. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam anapoteremka na barua ya ajira katika mgodi, akamkuta kijana wa hapo aliyeishia kidato cha nne na anayeuona uzio ule kila siku bila kuingia, asishangae akipokelewa kwa ubaridi. Dawa yake ni adabu. Jifunze salamu, asubuhi ni mwangaluka, mchana ni mwadila, na mzee husalimiwa kwa kuinamiwa kidogo. Kula michembe unapokaribishwa. Usiseme "huku bara" kana kwamba umepelekwa adhabu. Wahamiaji wa Makka walipofika Madina mwaka 622 walipokewa kwa ukarimu mkubwa kupita kiasi, na bado Abdurrahman bin Auf, aliyetengewa nusu ya mali ya mwenyeji wake, aliomba tu aonyeshwe sokoni. Mgeni anayefanya kazi bila kuwa mzigo wala kiburi huheshimika haraka, na huko kwetu ndivyo ilivyokuwa.

Msiogope kusema wazi, hata hivyo, pale panapostahili. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka mingi. Na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Wapiga ramli huwauzia wachimbaji na wavuvi matumaini hayo. Kijana wetu akiambiwa na mwenzake wa kazini kwamba kuna mganga wa kumpatia bahati ya dhahabu, ajue kwamba anaalikwa kwenye njia ambayo mwisho wake umeshaonekana kuwa damu. Ajitenge, na akisikia mpango, aripoti.

Limebaki kundi moja: vijana wanaokwenda bila barua yoyote. Wamesikia kwamba ukikosa mgodini utapata kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Ni kweli kwamba wako waliopata, na tangu soko la madini lilipofunguliwa Geita Machi 2019, mchimbaji mdogo ana mahali halali pa kuuza. Lakini anayeingia duarani bila kitu hufanya kazi bila mshahara, akingojea mgao wa mawe ambao huja baada ya mwenye leseni, mwenye duara na mwenye karasha kuchukua vya kwao. Huvuta vumbi la mwamba linaloua mapafu pole pole. Hushika zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma jikoni wanapopikia. Na mashimo huanguka. Oktoba 2015, huko Nyangarata, watu walifukiwa ardhini, na waliookolewa hai, 5 kwa idadi, walitolewa baada ya siku 41. Mwenzao wa sita alifia humo. Mzazi anayempa mwanawe nauli ya Kahama ili "akajaribu" amwulize kwanza atafikia kwa nani, na ni kazi gani ameahidiwa na nani.

Kwa walioamua kuhama na familia, tunaongeza mambo ya kiutendaji. Malaria kule ni kali kuliko Dar es Salaam, basi vyandarua viwe vya kwanza kufungashwa. Usilipe pango kwa simu kwa chumba ambacho hakuna mtu wako aliyekiona; ndugu wa msikiti wa mahali atakwenda kukitazama ukimwomba. Michango yako ya hifadhi ya jamii uihakikishe inaingia kila mwezi, hasa ukiwa kwa mkandarasi. Na watoto wahamishwe Januari mwaka wa masomo unapoanza, wala si katikati ya muhula. Uhamisho wa mwanafunzi hupitia kwa mkuu wa shule anakotoka, shule anakokwenda, na ofisi za elimu, na karatasi hizo huchukua majuma. Anayetaka mtoto wake aanze Shinyanga Januari azianze Oktoba, kabla walimu hawajaingia katika mitihani ya kufunga mwaka. Tutakuwepo hapa msikitini hadi sala ya Isha kwa wenye maswali.

Wassalaam.